Mshumaa wa Nta na Nuru ya Nairuzi

Kisiwa cha Pemba kimelala takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu ya makao hayo jua halikukifanyia kamwe inda linayozifanyia nchi za kaskazini ya dunia. Kwani siku iliyo fupi kuliko zote, ambayo huangukia karibu na tarehe 21 Juni, ina saa 11 na dakika 50 hivi za mwangaza, na siku iliyo ndefu kuliko zote, katika Disemba, huizidi ile fupi kwa dakika 35 tu au karibu yake. Tofauti hiyo ni ndogo hata mkulima wa mikarafuu wa Konde au Mtambile aweza kuishi umri wake wote asiitilie maanani, na pengine mtu wa pekee anayeihisi barabara ni muadhini, ambaye wajibu wake humlazimu kulifuata jua kwa dakika wala si kwa kukisia.

Kwa watu wa Uswidi, Norwe na jirani zao mambo ni mengine kabisa. Mjini Stockholm siku fupi ya Disemba ina saa 6 tu za mwangaza, na mwangaza wenyewe ni dhaifu, wa jua linaloambaa ukingo wa dunia bila ya kupanda. Na mjini Tromsø, kaskazini ya Norwe, jua huzama mwishoni mwa Novemba lisionekane tena mpaka katikati ya Januari. Katika kiza cha namna hiyo si ajabu kwamba watu wamezifanya sikukuu za nuru kuwa nguzo ya majira yao ya baridi, na mshumaa, uliotengenezwa kwa mkono na kupambwa, ukapata kwao heshima ambayo kwetu haujapata kuwa nayo. Tarehe 13 Disemba Waswidi huadhimisha siku ya Lucia, ambapo msichana huvaa kanzu nyeupe na taji la mishumaa kichwani, akaongoza msafara wa wenziwe alfajiri ilhali nje ni usiku mtupu. Yafaa tujue kwa nini sikukuu hiyo ikawa tarehe 13 na si tarehe 21, ambayo ndiyo yenye usiku mrefu: katika kalenda ya kale ya Kirumi, iliyotumika Ulaya kabla Papa Gregory wa 13 hajairekebisha mwaka 1582, hesabu ilikuwa imeteleza kidogo kidogo kwa karne nyingi, na usiku mrefu ukawa umesogea mpaka karibu na siku ya Lucia; kalenda iliporekebishwa usiku ule ulirejea mahali pake, lakini sikukuu ikabaki ilipozoeleka. Namwomba msomaji akiweke kisa hiki akilini, maana kalenda iliyoteleza ndiyo itakayotupeleka Pemba.

Wako wanaodhani kwamba sanaa ya mishumaa ya mapambo, kwa kuwa imekulia katika nchi za theluji, haina la kutwambia sisi, na wako kinyume chao wanaoiiga kama ilivyo, wakachora msonobari na chembe za barafu juu ya mshumaa utakaowashwa chini ya mnazi. Mimi sikubaliani na hao wala hawa. Pemba ina kiza chake, ina mwaka wake wa jua, ina nta ya nyuki na ina manukato ambayo mataifa yaliyafuata kwa majahazi na kwa meli. Kwa hiyo fundi wa Pemba akitaka kutengeneza mshumaa wa fahari hana haja ya kuazima majira ya baridi ya watu wengine.

Kiza cha Pemba hakiendi kwa jua bali kwa mwezi na mawingu. Katika zile siku za mwisho wa mwezi wa Kiislamu, kabla mwandamo haujaonekana, mtu atokaye Tumbe kwenda Micheweni usiku hukutana na kiza kilichoshiba, hasa wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, ambapo mawingu hufunika hata nyota. Walakini kiza hicho hicho ni riziki ya kaumu nzima, kwani ndicho wanachokingoja wavuvi wa dagaa, ambao wakati wa mbalamwezi hukaa pwani wakatengeneza nyavu zao, na mwezi ukishatoweka hutweka wakaenda kuwasha taa katikati ya maji, na samaki kwa tabia waliyoumbiwa wakauandama mwanga mpaka wakakusanyika chini yake. Kwa muda mrefu taa zenyewe zilikuwa karabai, zilizopigwa pampu mpaka kimfuko chake kikang'aa cheupe na sauti yake ya mvumo ikasikika ufukoni. Siku hizi aghalabu ni taa za betri, zisizovuma wala kunuka mafuta. Ukisimama Wesha usiku wa namna hiyo utaziona zimejipanga juu ya bahari safu kwa safu, na utafahamu kwamba watu wa kisiwa hiki hawakuwa wageni wa kazi ya kuupeleka mwanga mahali pa kiza kwa makusudi na kwa ustadi.

Majumbani nako nuru ina historia yake. Kabla mafuta ya taa hayajaenea, usiku ulimulikwa kwa taa za udongo zilizotiwa mafuta ya nazi au ya ufuta, na utambi wa pamba ukalazwa mdomoni mwa taa, unywe mafuta taratibu. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa na vidaka ukutani, mahali pa kuwekea taa, vyombo na misahafu, na mtu aliyekulia katika skuli za Kurani hawezi kukitazama kidaka chenye taa asikumbuke Sura ya An-Nur, ambamo nuru imepigiwa mfano wa taa iliyo katika shubaka. Baadaye vikaja vibatari vya bati, kisha chemli zenye bilauri ya kioo, kisha karabai iliyotolewa nje siku za harusi na maulidi. Wafanya biashara wa Kihindi wa Wete na Chake Chake nao walikuwa na Divali yao, sikukuu ya taa ambayo huangukia usiku wa mwezi gizani baina ya Oktoba na Novemba, wakapanga vijitaa vya udongo vizingitini; na hapa naona jambo la kuzingatiwa, ya kwamba watu wa Bahari ya Hindi waliichagulia sikukuu ya nuru usiku ulio mweusi kwa kukosa mwezi, kama ambavyo watu wa kaskazini waliichagulia ya kwao usiku ulio mrefu kwa kukosa jua.

Umeme ulipofika Pemba ulikaa kwa miaka mingi ukitegemea majenereta ya dizeli, ambayo yalipozimika mji mzima ulizimika nayo. Mwaka 2010 uliwashwa waya mkubwa uliotandikwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na sehemu kubwa ya gharama zake ilitolewa na Norwe. Sioni kuwa ni jambo dogo kwamba taifa ambalo upande mmoja wa ardhi yake hukaa majuma 7 bila ya kuliona jua ndilo lililosaidia kukiangaza kisiwa ambacho hakijui siku isiyo na jua. Watu wanaoijua thamani ya nuru kwa kuikosa hawahitaji kufafanuliwa haja ya wenzao. Tangu hapo mshumaa wa dukani, ule mweupe uliofanywa kwa parafini itokayo katika mafuta ya petroli, umebaki kabatini pamoja na kiberiti, ukingojea siku umeme utakapokatika, na watu wameuzoea kuwa kitu cha dharura kisicho na uzuri wala harufu.

Sasa natuurudie mwaka. Pwani ya Waswahili ilikuwa na mwaka wake wa jua karne nyingi kabla kalenda ya Kizungu haijatundikwa ukutani, na mwaka huo una siku 365 zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, pamoja na siku 5 za mwishoni zinazoufunga. Kwa hesabu ya miongo manahodha walijua lini kaskazi itaanza kuvuma na lini kusi itafunga bahari, na wakulima walijua lini wachome mashamba na lini watie mbegu, mambo ambayo mwaka wa Kiislamu, kwa kuwa huenda kwa mwezi na kuzunguka majira yote, haukukusudiwa kuyaonyesha. Siku ya kwanza ya mwaka huo huitwa Nairuzi, au Siku ya Mwaka, na siku ya kuamkia hapo, ambayo ndiyo ya mwisho wa mwaka mkongwe, wazee waliiita kibunzi. Asili yake ni Uajemi, ambako sikukuu ya Nowruz huangukia Machi, usiku na mchana vinapolingana, na haishangazi kwamba imekita mizizi kwa watu wa Pemba, ambao wengi wao hujinasibisha na Washirazi.

Lakini mwaka huu wa siku 365 hauna siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, na kwa ajili hiyo hurudi nyuma siku 1 katika kila miaka 4, takriban siku 24 katika karne moja. Katikati ya karne ya 19 Nairuzi ya pwani iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo huadhimishwa katika Julai, na Maparsi wa India wa kundi la Kadimi, ambao mwaka wao nao hauongezwi siku, huuona mwaka wao mpya katika Julai hiyo hiyo. Tazama basi hesabu ilivyotufikisha mahali pa ajabu: sikukuu iliyozaliwa Uajemi kuadhimisha majira ya kuchipua imeteleza polepole mpaka imetua katika kipupwe chetu, mwezi mmoja tu baada ya siku fupi ya Juni, wakati ambapo mchana wa Pemba umekwisha kuanza kurefuka, japokuwa kwa dakika chache mno. Na kwa kuwa bado inaendelea kurudi nyuma, baada ya miaka 130 hivi Nairuzi na siku fupi zitakutana. Waswidi waliachwa na jua lao siku 8 nyuma kwa kosa la kalenda. Sisi kalenda yetu, bila ya mtu kuikusudia, inakwenda kulilaki jua mahali linapogeukia.

Sherehe inayojulikana zaidi ni ya Makunduchi, kusini ya Unguja, ambako katika Mwaka Kogwa huchomwa kibanda cha makuti, na wanaume hupigana kwa migomba ili chuki za mwaka uliopita ziishie hapo. Pemba nako Siku ya Mwaka imejulikana kwa kuoga baharini na kwa hesabu ya miongo iliyoshikwa na wazee, ingawa haikupata umaarufu wa Makunduchi. Lakini liko jambo moja katika habari za kale za pwani ambalo kwa kusudi langu ni kubwa kuliko vita vya migomba: imeandikwa na wageni waliokaa kwetu karne ya 19 kwamba zamani Siku ya Mwaka watu walizima moto wote majumbani, wakaupata moto mpya kwa kupekecha vijiti viwili, kimoja kikiwa kimelazwa na kingine kikisokotwa baina ya viganja mpaka vumbi la mti likashika cheche. Yaani mwaka haukuanza kwa tarehe. Ulianza kwa moto ambao haukuwa na ujamaa na moto wa jana. Na huko Uajemi, hata leo, watu huruka juu ya mioto midogo usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho wa mwaka, kisha sikukuu ikifika hutandika meza yenye vitu saba vya baraka, na juu ya meza hiyo mishumaa huwashwa. Kwa hiyo mshumaa si mgeni wa Nairuzi. Ni mmoja wa watu wa nyumbani aliyebaki nyuma safari ya kuvuka bahari ilipofanyika.

Najua kwamba wako miongoni mwa wanazuoni wetu wasioipenda Nairuzi, wakiiona kuwa ni mabaki ya desturi za kabla ya Uislamu, na sina nia ya kuingilia hukumu iliyo juu ya elimu yangu. Ninachokisema ni kwamba hesabu ya miongo ni elimu ya hali ya hewa na ya ubaharia, na kuwasha mshumaa mezani familia inapokula pamoja mwaka unapogeuka si ibada ya moto, bali ni pambo na ukumbusho. Na anayetaka kuwasha mshumaa huo usiku wa maulidi, au katika futari ya Ramadhani, au harusini, asinyimwe.

Tuingie jikoni. Nta hutoka kwa nyuki mwenyewe, ambaye huitoa tumboni kwa vipande vyembamba, akavitafuna na kujengea masega, na wataalamu hukadiria kwamba nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili kutoa kilo 1 tu ya nta, hesabu inayotosha kuonyesha hasara ya mtu anayekamua asali akatupa masega. Pemba ina maua ya kuwalisha nyuki karibu mwaka mzima, katika msitu wa Ngezi upande wa Makangale, katika mikoko ya ghubani, katika minazi na mikarafuu. Masega yaliyokwisha kukamuliwa huoshwa kwa maji baridi ili utamu utoke, kisha hutiwa katika sufuria yenye maji na kupashwa kwa moto mdogo. Nta huyeyuka inapofika nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyachemsha maji mpaka yatokote, na fundi mwenye haraka anayeitokosa huiharibu rangi, ikawa ya hudhurungi badala ya dhahabu. Ikishayeyuka yote huchujwa kwa kitambaa cha pamba kilichokazwa juu ya chombo kingine, na mchujo huachwa upoe usiku kucha bila ya kuguswa. Asubuhi nta imeelea juu ya maji na kuganda kuwa bamba la duara, linalonukia asali na moshi kidogo, na upande wake wa chini una ngozi ya uchafu mweusi, ambayo hukwanguliwa kwa kisu kabla ya kuyeyusha mara ya pili. Safari hii haiwekwi motoni moja kwa moja, bali sufuria yake huwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, maana nta ikishika moto haizimwi kwa maji, na jiko lililoezekwa makuti halina msamaha.

Utambi ndio roho ya mshumaa, na hapa ndipo wengi hushindwa. Uzi wa pamba husukwa kwa nyuzi tatu kama nywele za mtoto, ukachovywa katika nta moto mpaka mapovu ya hewa yakome kutoka, kisha ukanyooshwa na kuachwa ukakamae. Kusuka huko si kwa ajili ya uzuri. Utambi uliosokotwa tu husimama wima ndani ya mwali, ukaota kichwa cha masizi ambacho zamani kilibidi kukatwa kwa mkasi kila baada ya muda, ilhali uliosukwa hujipinda pembeni kadiri unavyoungua, ncha yake ikatoka nje ya mwali, ikapata hewa na kuteketea yenyewe. Maarifa hayo yaligunduliwa Ufaransa katika miaka ya 1820, na tangu hapo yameenea duniani. Unene wake nao ni mizani: ukiwa mnene kupita kiasi mwali hurefuka na kutoa moshi, na ukiwa mwembamba huchimba shimo dogo la nta na kuzama humo.

Mwanachuoni Michael Faraday wa Royal Institution mjini London aliona kwamba mshumaa mmoja watosha kufundishia karibu elimu yote ya maumbile, na katika msimu wa Krismasi wa mwaka 1860, katikati ya baridi na kiza cha nchi yake, alitoa mihadhara sita kwa vijana juu ya mshumaa peke yake, iliyochapishwa mwaka uliofuata. Aliwaonyesha kwamba kinachoungua si utambi wala si nta iliyoganda: joto la mwali huiyeyusha nta ikawa kibakuli cha mafuta chini ya utambi, utambi huyanyonya mafuta hayo kupanda juu, yakifika huwa mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Ukizima mshumaa ukaona uzi mweupe wa moshi unapanda, huo ndio mvuke wa nta uliokosa moto, na ukiusogezea kiberiti upesi, mwali hurukia moshi na kushuka mpaka kwenye utambi, bila ya kiberiti kuugusa. Mtoto yeyote wa skuli za Mkoani aweza kulijaribu hilo leo, mbele ya mwalimu wake.

Mshumaa wa kuchovya hufanywa kwa subira: utambi hutumbukizwa katika nta, ukatolewa, ukatundikwa upoe, ukatumbukizwa tena, mara ishirini au thelathini, kila mara ukiongezeka ngozi moja nyembamba, mpaka uwe mnene wa kidole gumba, umepungua unene kwa juu na kushiba kwa chini. Kazi hii hupendeza kufanywa alfajiri za kipupwe, kusi inapovuma na hewa ni ya ubaridi, kwani wakati wa kaskazi joto la mchana huchelewesha kukauka kwa ngozi na mishumaa hugandamana. Mshumaa wa kumimina hutaka kalibu, na kalibu zetu zimejaa pwani: kipande cha mwanzi kilichopasuliwa mara mbili na kufungwa tena kwa kamba, kikapakwa mafuta ya nazi kwa ndani, kifuu cha nazi kilichosuguliwa, kombe la bahari kwa mshumaa mdogo wa mezani. Nta ikipoa hujikunyata kidogo na kuachia ukuta wa kalibu, lakini juu, kuuzunguka utambi, hufanya shimo, na fundi hulijaza kwa nta aliyoiweka akiba.

Kuhusu mapambo, mimi naona hapa ndipo Pemba yaweza kusema kwa lugha yake. Laza bamba la nta lililo vuguvugu, lenye ulaini wa unga uliokandwa, juu ya mkeka wa Pemba uliosukwa kwa ukili mwembamba, ligandamize kwa viganja, kisha liinue: limechukua kila jicho la msuko, mistari ya mshazari na pindo lake, na ukilivingirisha kuuzunguka utambi unapata mshumaa uliovaa mkeka. Nakshi za kofia za mkono, zenye vitobo vilivyozungushiwa uzi, huchorwa vizuri kwa sindano ya moto juu ya nta iliyoganda. Kwa rangi, mbegu za mzingefuri zikipashwa polepole ndani ya mafuta hutoa rangi ya chungwa iliyoiva, ambayo huchanganyika na nta bila ya kinyongo. Bali unga wa manjano, ambao wengi huukimbilia kwanza, mwingi wake huzama chini ya sufuria, na uliosalia huziba utambi.

Harufu haina mjadala, maana hakuna mahali ulimwenguni penye haki zaidi ya kuweka karafuu katika mshumaa. Karibu na Chake Chake, pale Wawi, kipo kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambapo vikonyo vilivyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa hutiwa mvuke na kutoa mafuta, ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, dawa ile ile inayomtuliza mgonjwa kwa daktari wa meno. Matone machache ya mafuta hayo hutiwa katika nta iliyokwisha kuondolewa motoni na kuanza kuwa na ukungu pembeni, kwa sababu nta ikiwa moto mno manukato hupaa na kubaki jikoni badala ya kuingia mshumaani. Na yasizidishwe, kwani mafuta ya karafuu ni makali, huchoma ngozi, na katika chumba kidogo humwasha mtu macho. Karafuu zenyewe, nzima, zenye vichwa vyake, hupachikwa ubavuni mwa mshumaa kwa kuipasha ngozi ya nje na kuzizamisha mpaka shingoni. Zikae mbali na utambi, katika mshumaa mnene ambao mwali wake huchimba katikati na kuacha ukuta umesimama, maana karafuu kavu ikifikiwa na moto huwaka, na pambo hugeuka kuwa ajali. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi maua makavu ya asumini au vilua yawekwe ndani ya nta, ijapokuwa hupendeza kwa macho. Kilua kina heshima yake nywelini na kitandani mwa bibi harusi, na hapo kisisumbuliwe.

Swali la soko halikwepeki. Mshumaa wa nta hauwezi kushindana kwa bei na mshumaa wa parafini wa dukani, na haifai ushindanishwe, kwa kuwa ule ni wa kumulikia umeme unapokatika, na huu ni wa sikukuu, wa zawadi na wa mgeni. Gramu 100 za nta, zikitiwa utambi wa kadiri, huwaka takriban saa 15, bila ya kupinda kwa joto la pwani na bila ya kutoa masizi mengi, na kilo 1 hufanya mishumaa 10 ya namna hiyo. Vipo tayari Zanzibar vikundi vya akina mama vinavyotengeneza sabuni za mwani na za karafuu, wenye sufuria, mizani na uzoefu wa kupima joto. Kwao kuongeza mshumaa si kuanza kazi mpya bali ni kupanua ile waliyo nayo. Kinachopungua ni nta, na nta haipungui kwa uchache wa nyuki, bali kwa sababu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mfugaji huuza asali akayaona masega kuwa takataka, hali ya kuwa Tanzania bara imekuwa ikisafirisha nta ng'ambo tangu zama za Wajerumani.

Kwa hiyo ningeshauri kazi ianze kwa mfugaji, si kwa fundi: masega yanunuliwe kwa kilo pale pale anapokamua asali, yaoshwe kabla nondo wa nta hawajayaingilia, na mabamba yahifadhiwe mahali pakavu mpaka Juni. Kuchovya kuanze baada ya masika kuisha na kusi kushika, mishumaa ipewe majuma mawili matatu ikomae kivulini, na mmoja katika kila mkupuo uwashwe mpaka uishe ili utambi ujulikane kama unafaa kabla ya wenziwe kutiwa dukani. Ndipo iwe tayari kwa kibunzi, nayo inaangukia Julai.